Andika Wizi

Ukiwauliza watu wa Ikwiriri habari za Sadallah, watakwambia yule kijana alipoteza nyumba kwa sababu ya karata. Waongo hao. Nyumba hakuwa nayo. Alikuwa na kuta zinazosubiri bati, na bati zenyewe hazijawahi kununuliwa. Sasa utapotezaje kitu ambacho bado kiko dukani kwa mwenyewe? Alichopoteza Sadallah ni mtani. Na duka la watani mimi bado sijaliona, si hapa, si Kibiti, wala huko Kariakoo wanakouza mpaka nywele za watu wengine.

Mtani mwenyewe ni Mwamini. Mama yake Sadallah, Bi Siti, na baba yake Mwamini, Mzee Kibwana, ni ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo hawa wawili ni mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba, na kwetu watu wa namna hiyo hawana heshima kati yao wala hawatakiwi kuwa nayo; wanaitana hata mume na mke, kwa mzaha tu.

Mwamini alikuwa akinunua kamba kule Nyamisati kwa wavuvi wa visiwani na kuwaleta Ikwiriri kwa ndoo. Kila akipita kijiweni kwetu karibu na stendi, pale Sadallah alipokuwa na meza yake ya kutengeneza simu, lazima aitue ile ndoo.

"Mume wangu, hujafa tu?"

"Nife nikuache na nani? Sura hiyo nani ataibeba?"

"Sura hii inamaliza ndoo nzima kabla ya adhuhuri. Yako hata nzi wanaizungukia mbali."

Basi hapo atavuta kiti cha Sadallah, mwenyewe hajakaa sawasawa, akae yeye. Akikuta chipsi, anakula. Akikuta kandambili zimevuliwa, anazivaa na kwenda nazo mpaka sokoni, Sadallah anabaki peku akipiga kelele: "Mwizi! Mwizi huyo, mkamateni! Ukoo mzima wezi!" Wauza miwa wanashangilia, makondakta wanapiga miluzi, na jioni kandambili zinakombolewa kwa soda, au kwa Sadallah kukata kiuno mbele ya mama lishe. Hilo neno mwizi nimelisikia likitoka kinywani mwake mara nyingi kuliko nilivyosikia jina langu, na mimi ndiye rafiki yake. Naitwa Dulla, kama mlikuwa bado hamjaulizana.

Sasa njoo kwenye karata. Si zile za kopa na shupaza ambazo wazee hugombania barazani mpaka adhana inawakuta. Hizi ziliitwa Piku, zikaletwa na kampuni moja ya Dar kwa gari lenye spika. Zinauzwa kwenye vipakiti vilivyofungwa, kadi chache ndani, na hujui umepata nini mpaka uchane. Kila kadi ina mnyama na namba ya nguvu zake. Mnakaa wawili, mnatupa kadi, mwenye nguvu anamla mwenzake. Ila kama una akili ya kupanga, wanyama wako wadogo wanaweza kuungana wakampiku mkubwa, na hapo ndipo ulipokuwa utamu. Mchoraji wao sijui alisomea wapi: mamba wake alikuwa na masikio. Sisi ambao mamba tunafahamiana nao tulicheka mpaka tukasikia njaa.

Mwanzoni ulikuwa mchezo mzuri, nasema kweli kabisa. Kila mtu alikuwa na takataka zinazofanana na za mwenzake, na Sadallah ndiye alikuwa fundi wa takataka. Nilimwona akimla mtu mwenye simba kwa dagaa na kaa, mtu mzima na ndevu zake akaondoka bila kuaga. Halafu huo mchezo kwetu ulikuwa nusu kadi, nusu mdomo. Hutupi kadi kimya kimya kama unapiga kura. Unaitupa na maneno yake. Mwamini hata sheria hakuzijua vizuri, lakini alipenda kusimama nyuma ya binamu yake na kumtangazia mpinzani kilichomo mkononi.

"Ana popo na chura tu huyu! Mpige, mpige!"

Sadallah anamfukuza, naye anakimbia na kadi moja, mara nyingi yule chura, anaibandika kwenye ndoo ya kamba. Kesho yake soda inanunuliwa, chura anarudi nyumbani akinuka pwani.

Kisha zikaja zile zinazong'aa. Sisi tuliziita vimulimuli. Kimulimuli kimoja kilikuwa na nguvu kiasi kwamba dagaa hata waungane na wakwe zao, hawakipiku. Na hukipati kwa akili. Unakipata kwa kuchana vipakiti mpaka bahati au fedha, kimojawapo kiishe.

Aliyetueleza hayo ni Mudrick, wakala wa kampuni, kijana wa mjini anayevaa miwani ya jua hata ndani ya stoo. Alikuja kijiweni, akamtazama Sadallah akicheza, akatikisa kichwa kama daktari aliyeletewa majibu mabaya.

"Mwanangu, kipaji unacho. Lakini kipaji bila kimulimuli ni simu bila vocha. Kibiti kuna mashindano ya kanda, wanaopita wanakwenda fainali Dar. Utakwenda kule na dagaa?"

"Dagaa wananipa ushindi kila siku."

"Hapa, kwa hawa?" Mudrick akatutazama sisi, kina "hawa". "Hapa mnacheza, kaka. Kule watu wanawekeza."

Mimi nilicheka. Sadallah hakucheka. Ukiona fundi wa simu hacheki, ujue kuna kitu ndani kimeungua.

Mwaka huo ufuta ulikuwa na bei. Bi Siti alikuwa ameshachagua mpaka rangi ya bati, anataka nyekundu, ionekane kutoka barabarani. Sadallah akaenda ghalani kuchukua malipo ya ufuta wao, na njia ya kurudi ikapita kwa Mudrick. Aliingia uani kwao na makatoni mabegani, mama yake akatoka jikoni akijipangusa mikono.

"Bati ziko wapi?"

"Zimo humu, mama."

"Humu kwenye boksi la biskuti?"

"Humu mna kitu kinachonunua bati, mama. Nyumba nzima. Na dari."

Bi Siti akakaa chini polepole. Mimi nilikuwepo, nikamsaidia Sadallah kuchana, maana rafiki akizama unashika hata shati. Tulichana mpaka vidole vikauma. Uani pakajaa popo, nyani, vyura, ndege wasio na majina. Tulipofika karibu na mwisho, hata mimi nimeanza kupanga maneno ya kumwambia yule mama, Sadallah akapiga ukelele jirani akaja na panga. Alikuwa ameshika Kiboko Malkia. Kiboko mwenye taji, rangi inacheza kama mafuta ya taa juu ya maji. Mudrick alipopigiwa simu alitutumia picha ya mtu wa Dar anayetaka kumnunua kiboko huyo kwa zaidi ya milioni.

"Uza," Bi Siti akasema.

"Nikishinda kwanza, mama. Akishinda Kibiti bei inapanda."

Tangu siku hiyo kijiwe hakikumpata. Kadi ilivishwa kava la plastiki, kava likaviringishwa kitambaa cha kufutia miwani, kitambaa kikaingia kwenye pochi, tukamwambia imebaki kuikatia bima tu. Ukimwomba mcheze raundi moja anasema vumbi. Mwamini akija na ndoo, Sadallah anasimama na kusogea pembeni.

"Mume wangu ananikimbia! Nina ukoma?"

"Una mafuta ya kamba mikononi. Ukucha tu ukiigusa hii, laki imeondoka."

"Laki? Basi nami niguse unipe chenji."

Alijibu hivyo na kucheka, lakini nilimwona anamtazama binamu yake kwa jicho la mtu anayesikia mashine inatoa mlio usio wa kawaida.

Ikafika Ijumaa ya hitima ya bibi yao, marehemu Bi Hadija, mama yake Mzee Kibwana na Bi Siti. Hitima ilikuwa nyumbani kwa Mzee Kibwana, upande wa kwenda Chumbi. Na mashindano ya Kibiti yalikuwa Jumamosi asubuhi, ila kadi zinakaguliwa Ijumaa jioni, asiyeleta kadi yake haingii. Kwa hiyo Mudrick alikuja na gari mpaka hapo shughulini, akaegesha kando ya uwanja akimsubiri mtu wake watu wamalize dua.

Hitima za kwetu, kama hukuzaliwa huku, zinaweza kukutia wasiwasi. Dua ni dua, watu wanalia kweli. Lakini watani nao wana kazi yao. Kabla ya sala viatu vya mashehe vilikuwa vimeshafichwa, na mtani mmoja wa Mzee Kibwana alikuwa amevaa baibui ya marehemu anadai yeye ndiye Bi Hadija, amerudi kuangalia nani amekula mbuzi wake. Waliofiwa wanacheka na machozi yakiwa bado mashavuni. Ndiyo dawa yenyewe.

Sadallah alikaa mkekani na kanzu yake nyeupe, mkono unaupapasa mfuko wa kifuani kila mara kama mgonjwa wa moyo. Mwamini alikuwa anagawa pilau. Akapita na sinia mara ya kwanza, akaona. Akapita mara ya pili, akaona tena. Ya tatu sinia likaenda kushoto, mkono ukaenda kulia, na Kiboko Malkia akawa juu, hewani, mbele ya umati.

"Jamani! Mume wangu kaoa mke mdogo! Na picha yake anaiweka moyoni!" Akaisogeza machoni. "Mnene kunishinda! Na taji juu!"

Wanawake wakaangua vicheko. Mpaka Bi Siti, ambaye tangu yale makatoni hakuwa amecheka, aliweka kanga mdomoni.

"Mwamini, lete," Sadallah akasema.

"Ikomboe."

"Lete, sina utani."

"Huna utani leo wakati bibi yako amekufa? Basi utakuwa nao lini, siku ya harusi yangu?" Wakacheka tena. "Sikiliza masharti, masharti ni mepesi. Useme mbele ya watu wote hawa: Mwamini ni mzuri kuliko kiboko. Na soda moja. Ya baridi!"

"Sema!" wakaitikia akina mama. "Sema, sema!"

Hilo tu. Sentensi moja na soda. Mimi pale nilipokaa nilishaanza kumcheka, maana nilijua atasema kitu kama, "Mwamini ni mzuri kuliko kiboko, lakini kiboko anaoga." Nilishayaona maneno yakimjia usoni. Naapa niliyaona. Halafu akageuka akatazama gari, na Mudrick alikuwa amevua miwani kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu.

"Kadi ya milioni," Mudrick akasema, "mnaishika na mikono ya pilau?"

Mwamini akakimbilia jikoni, nyuma ya masufuria. "Nikimaliza kugawa tutaongea talaka!" akapiga kelele kutoka kule, na watu wakarudi kwenye sahani zao.

Sadallah akamfuata hadi mlango wa jiko, akakuta akina mama wameuziba kwa miili yao, wanaimba. Akarudi kwenye gari. Nikamwendea.

"Twende tukanunue soda," nikamwambia. "Duka lile pale."

"Ukaguzi unafungwa saa kumi na mbili," Mudrick akasema. "Na hapo mnataka soda, mkirudi mnataka ngoma, kisha mbuzi. Bro, sikuelewi. Hiyo ni mali yako. Mtu kakupora mali mchana kweupe, watu wanashuhudia. Kwani huku hamna kituo?"

"Ni binamu yake," nikasema.

"Binamu yako akichukua milioni yako anaitwaje?"

Sadallah akapanda bodaboda. Nikapanda nyuma yake, tukaenda mishikaki, watatu juu ya pikipiki moja, mimi nikimwongelesha sikioni njia nzima, upepo unachukua maneno.

Kituoni alikuwepo Afande Mashaka, mtu wa huku huku, anayejua nani kamzaa nani. Akafungua kitabu.

"Nini kimeibwa?"

"Kadi. Ina thamani ya milioni na zaidi."

"Kadi ya benki?"

"Ya kiboko."

Afande akainua macho, akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye mkalimani.

"Aliyechukua unamfahamu?"

"Mwamini binti Kibwana."

"Huyu Kibwana mjomba wako?"

"Ndiyo."

Afande akaweka kalamu mezani. "Mwanangu, huyo si mtani wako?"

"Afande, nina safari."

"Nakuuliza, kwa sababu sina mahali pa kuandika hili. Hebu nionyeshe wewe. Niandike nini hapa? Kosa la utani?"

Nikacheka. Nilidhani tumepona. Nilidhani hapo Sadallah naye atacheka, tutakunywa maji, turudi. Akainama juu ya kaunta.

"Andika wizi."

"Sadallah," nikasema.

"Andika wizi, Afande. Ni mwizi. Mwamini ni mwizi."

Neno lilelile. Alishalitamka stendi, sokoni, njiani, tangu hawajaota meno ya utu uzima. Safari hii halikuwa na kicheko nyuma yake, likasimama peke yake mezani kama mtu tusiyemjua. Afande Mashaka akachukua kalamu na kuandika, kwa sababu mtu akisema hivyo lazima uandike.

Tuliporudi na mgambo wawili, watu walikuwa wanasubiri kunawa. Mwamini alituona akatoka jikoni akitabasamu, akafikiri mgambo ni sehemu ya mchezo, Sadallah kaboresha. Akanyoosha mikono mbele pamoja, kama mtu anayefungwa pingu.

"Haya, mume wangu, nifunge! Lakini soda iko wapi?"

Mgambo mmoja, ambaye alikuwa na aibu kubwa, akasema, "Dada, tunaomba hiyo kadi, na utufuate kituoni. Umefunguliwa malalamiko ya wizi."

Mwamini akamtazama Sadallah. Akangoja. Nafikiri alikuwa anampa nafasi ya kumaliza utani wake. Hata mimi nilingoja. Sadallah akawa anatazama saa.

Basi akaingiza mkono kifuani, ndani ya kanga, akatoa kitu kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Akaufungua. Ndani kulikuwa na vipande viwili vya katoni, na katikati ya katoni, kiboko na kava lake, mkavu, msafi, hana hata alama ya kidole.

"Nilinawa kwanza," akasema. "Kwa sababu ulisema ukucha."

Akampa. Kwa mikono miwili, ndivyo alivyompa.

Sadallah akaishika na kuigeuza kwenye mwanga akitafuta mkwaruzo. Hilo ndilo ambalo Mzee Kibwana, akisimulia leo, huwa analirudia mara mbili. Akaikagua mbele yao. Kisha akaingia kwenye gari la Mudrick, na gari likaondoka, na Mwamini akapandishwa pikipiki katikati ya mgambo wawili, na nguo zake za msiba, wageni wakiwa na vidole vyenye mafuta. Aliyekwenda kumtoa kabla ya magharibi ni Bi Siti, mama yake Sadallah mwenyewe. Afande Mashaka alimwachia, akamtoa mpaka barabarani.

Kibiti Sadallah alishinda. Na ushindi wenyewe, kwa alivyonisimulia, haukuwa na stori. Ukumbini ilikatazwa kuongea. Unaweka kadi, mwamuzi anasoma namba, basi. Kiboko alikula kila kitu. Alipewa fulana ya kampuni na vipakiti vya bure. Fainali ya Dar akakutana raundi ya kwanza na dada mmoja wa benki, mpole, ambaye alifungua kisanduku cha ngozi na kutoa Kiboko Malkia wa kwake. Kisha wa pili. Dada alikuwa nao kama mtu alivyo na vijiko. Saa hiyo Sadallah akajaribu akili yake ya zamani, ile ya dagaa na kaa, akakuta mfukoni hana dagaa hata mmoja. Alishawagawa kijiweni kama takataka.

Alidhani atauza. Lakini mwisho wa fainali mtu wa kampuni alipanda jukwaani akatangaza msimu mpya, wanyama wapya, na kwamba kadi za msimu ule zimestaafishwa, haziruhusiwi tena mashindanoni. Yule mnunuzi wa milioni hakupokea simu tena. Mudrick alipokea, akasema, "Mwanangu, ndiyo soko. Sasa kuna Tembo Mfalme, nikuwekee katoni?" Mnaweza kukisia ilivyoishia: Kiboko Malkia alinunuliwa na mwenye duka la vinyago huko mjini kwa bei ya nauli ya kurudi Ikwiriri. Hata walimu wakistaafu wanapewa kiinua mgongo.

Akarudi. Nikadhani sasa tutamcheka, atakasirika, atatucheka na yeye, yaishe. Kijiweni tulijaribu. Lakini kila aliyefungua mdomo aliufunga. Mtu unamtaniaje ambaye hujui neno gani ataliandikisha? Tukawa tunamwambia, "Karibu, Sadallah, kaa hapa." Tunampisha kiti. Alikuwa anakaa kwenye kile kiti kama yuko benki.

Mwamini alipita na ndoo. Sadallah akasimama, akajikaza, akarusha la kwanza.

"Weye kamba mkavu, bado unatembea?"

Mwamini akaitua ndoo. "Sijambo, kaka Sadallah. Habari za safari? Shangazi hajambo?"

"Nimekuita kamba mkavu."

"Nimesikia, kaka. Asante." Akainua ndoo, akaenda.

Alimwandama hivyo wiki nyingi. Siku moja aliacha kandambili zake barabarani kwa makusudi, mbali na meza, kama mtego wa panya. Mwamini aliziokota, akamletea, akaziweka chini miguuni pake, zikitazama mbele ili asipate taabu ya kuvaa.

Mwishowe Bi Siti alimshika mwanawe mkono, wakaenda kwa Mzee Kibwana kuomba radhi, na mimi nyuma nimebeba sukari na mchele. Yalikwenda vizuri. Mzee Kibwana alisema yamekwisha, mtoto akinyea mkono haukatwi, halafu akakumbuka mtoto mwenyewe ana ndevu, akakohoa. Mwamini akaitwa. Alikaa kwenye mkeka, akasikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe tangu siku ile, kaka," akasema. "Wallahi sina kinyongo."

Na hakuwa nacho, nilimwona usoni. Tukatoka, Sadallah kashangilia mpaka njia panda, ndipo akasimama.

"Dulla, ameniita kaka tena."

Radhi alipewa. Utani hakupewa. Ule hauombwi kwa mchele.

Ilibaki nafasi moja. Mwamini aliposwa na Kheri, mvuvi wa Nyamisati aliyekuwa akimuuzia kamba, kijana mtaratibu. Na siku bi harusi anatolewa kwao, binamu ana haki yake. Anasimama mlangoni, anaweka mikono huku na huku, anasema huyu ni mke wangu, mnampeleka wapi? Anataja malipo ya kichaa. Upande wa pili wanamtukana pua, wanamtukana miguu, wanataja senti; yeye anashuka kidogo, wao wanapanda kidogo, mwisho anaambulia pengine jogoo mwenye jicho moja na kila mtu ameshika mbavu. Anayepunguza kwa ukali kuliko wote ni bi harusi mwenyewe, huku amejifunika, maana kwa binamu anaruhusiwa mdomo.

Sadallah aliniomba msaada. Sisi wawili tulikaa nyuma ya meza ya simu tukapika maneno, siku nyingi kuliko nilizotumia kujiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Tulifikiria watamjibu nini, na yeye atawarudishia nini. Tulikubaliana aanze na elfu hamsini, kwa sababu ni kiasi cha kuwafanya wapige kelele.

Akavaa kanzu, akaenda, akasimama mlangoni. Wanawake walipomwona, vigelegele vilipungua, vikasimama. Lakini haki ni haki, hakuna aliyemwondoa.

"Huyu ni mke wangu!" Sadallah akasema, sauti ikapasuka kidogo. "Nimemvumilia tangu hajajua kufuta kamasi. Huyo mvuvi anampeleka wapi bila kunilipa mie gharama za uvumilivu? Nataka elfu hamsini, au hapa hapiti mtu!"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kelele. Tulikuwa tumeacha nafasi kwa ajili yake. Wanawake wakamgeukia Mwamini.

Mwamini, ndani ya shela yake, akamwinamia somo wake aliyemfunda, Bi Swaumu, akamnong'oneza. Bi Swaumu akamtazama kwa mshangao, kisha akafungua kitambaa cha fedha za tunzo. Noti zikapita mkono kwa mkono, zikafika mlangoni.

"Chukua, kaka," Mwamini akasema kwa upole. "Ziko kamili. Naomba nipite, wenzetu wanasubiri na mashua, maji yasije yakapwa."

Sadallah akatoa mikono mlangoni. Akajibana kwenye kizingiti, na bi harusi akapita karibu naye mpaka shela ikamgusa kanzu, na mashangazi, na masinia, na mkoba, na ngoma ikaanza tena huko nje barabarani.

Nilikwenda kusimama karibu naye. Alikuwa ameshika zile noti jinsi alivyozipokea.

"Dulla," akaniuliza, "mbona hata hawakupunguza?"

Nilikuwa na la kumjibu. Mimi huwa nalo siku zote. Nikamshika bega, tukatokea mlango wa uani, ambako walikuwa wanaosha masufuria, na wote wakatupisha kwa adabu.